Nani Anajua Nini, na Tangu Lini: Kutazama Slow Horses Kitabu Kikiwa Kando

Msimu mpya wa Slow Horses, tamthilia ya majasusi wa Uingereza, ukitoka, mjadala huku Nairobi huanzia pale pale. Aliyesoma riwaya za Mick Herron analalamika kwamba mambo yamekatwa. Asiyesoma analalamika kwamba haelewi nani anamfanyia nani kazi. Wote wawili wana haki, na dawa yao ni moja: chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu, andika jina la mhusika, anachojua, na alikijua lini. Riwaya ya ujasusi hujengwa kwa siri kama ukuta unavyojengwa kwa mawe. Anayeihamishia kwenye runinga anatumia mawe yale yale, lakini anayapanga upya. Mtazamaji anaonyeshwa mapema jambo ambalo msomaji alifichwa, au anafichwa jambo ambalo msomaji alikuwa nalo tangu ukurasa wa kumi. Ukiufuata mpangilio huo, utajua kwa nini tukio fulani limehamishwa, na ubishi wa kitabu na runinga utakuwa na kitu cha kushika.

Kwa anayeanza, mambo ya msingi ni haya. Tamthilia inaonyeshwa na Apple, ilianza tarehe 1 Aprili 2022, na kila msimu una sehemu 6. Misimu mitano ya kwanza imechukua riwaya moja moja kwa utaratibu: Slow Horses (2010), Dead Lions (2013), Real Tigers (2016), Spook Street (2017) na London Rules (2018), huu wa mwisho ukitoka Septemba 2025. Mwandishi mkuu alikuwa Will Smith, Mwingereza, tofauti na yule mwigizaji wa Marekani, na mwaka wa 2024 alishinda Emmy ya uandishi kwa sehemu moja ya msimu wa tatu. Gary Oldman ni Jackson Lamb, Jack Lowden ni River Cartwright, Kristin Scott Thomas ni Diana Taverner, Saskia Reeves ni Catherine Standish. Waliokulia kwenye vitabu vya Elvis Musiba wamezoea Willy Gamba, jasusi shupavu, mtanashati. Hapa jasusi mkuu ana soksi zilizotoboka, hachani nywele, na silaha yake kubwa ni kwamba kila mtu anamdharau, na akija kushtuka ameshachelewa.

Jina la tamthilia linahitaji kufafanuliwa, maana mzaha wake haupiti kwenye maandishi ya chini. Slough ni mji ulio magharibi ya London, nalo jina hutamkwa "slau". Lakini Slough House, ofisi ya majasusi hawa, haiko Slough. Iko Aldersgate Street, London kwenyewe, karibu na stesheni ya Barbican. Iliitwa hivyo kwa sababu jasusi anayepelekwa humo ni kama amehamishiwa mbali kabisa, hata kama bado anashuka stesheni zile zile. Chukulia jengo la hapa Tom Mboya Street libatizwe Lodwar House na watumishi wa serikali wanaoogopa barua ya uhamisho. Ndiyo maana hiyo. Kutoka Slough House, kwa kufanana kwa sauti, likazaliwa Slow Horses, farasi wasiokimbia. Hao ni majasusi waliovurunda wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza. Min Harper alisahau diski ya siri kwenye treni. Louisa Guy alimpoteza mtu aliyekuwa akimfuata. Roddy Ho ni fundi hodari wa kompyuta ambaye hakuna anayeweza kukaa naye. Hawafukuzwi kazi, wanapewa kazi za kuchosha hadi wajiuzulu wenyewe.

Maneno ya kazi nayo yaandike kwenye jalada la ndani la daftari, kwa sababu yakikupita sehemu nzima inakupita. "The Park" ni makao makuu ya MI5 katika ulimwengu wa Herron, yaliyoko Regent's Park; makao halisi ya idara hiyo ni Thames House, kando ya mto Thames. "Dogs" ni askari wa ndani, wale wanaowakamata majasusi wenzao. "First Desk" ni mkuu wa idara, na "Second Desk" ndiyo ngazi ya Taverner, ambaye macho yake hayatoki kwenye kiti cha juu. "Joe" ni jasusi aliye kazini nje, na anayemsimamia huwajibika kwa uhai wake. Lamb humtukana kila mtu, lakini akishasema fulani ni joe wake, hapo hafanyi mzaha. Kisha kuna kanuni mbili zinazotajwa tena na tena: za Moscow, yaani chunga nyuma yako, na za London, yaani hakikisha lawama haitui kwako. Taverner huishi kwa za London. Lamb alilelewa na za Moscow, na mara nyingi mgongano wao ni kanuni hizo mbili zikiwa zimeketi uso kwa uso.

Sasa tukio la kufungulia msimu wa kwanza, kwa kuwa hapo ufundi wa kuhamisha riwaya unaonekana peupe. Kitabuni, River anamkimbiza mshukiwa wa bomu katika stesheni ya treni ya King's Cross. Kwenye runinga mbio hizo zimepelekwa uwanja wa ndege wa Stansted. Maelezo ya mshukiwa yanamfikia River sikioni kutoka kwa mwenzake, Spider Webb: shati la rangi hii, fulana ya ndani ya rangi ile. River anamwangusha mtu aliyevaa hivyo hasa. Siye. Mshukiwa wa kweli amevaa rangi hizo hizo kinyume, ya shati iko kwenye fulana na ya fulana iko kwenye shati. Anaponyoka, maafa yanatokea, ndipo tunaelezwa kwamba yote yalikuwa mtihani wa mafunzo, na River ameanguka.

Kwenye ukurasa, rangi hizo ni maneno tu. Msomaji hana shati mbele yake, na akiingiwa na shaka anarudisha jicho mistari michache juu. Kwenye skrini shati liko wazi, linakukodolea macho. Kwa hiyo mwongozaji, James Hawes, inambidi akunyime nafasi ya kulikagua: anakimbiza kamera, anajaza umati, anakupitisha mlango baada ya mlango huku sauti zikigongana sikioni mwa River. Uwanja wa ndege unampa njia ndefu, vizuizi, walinzi na abiria wenye mizigo. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Stesheni ilimtosha mwandishi kwa sababu mwandishi alihitaji saa na umati. Mwenye kamera alihitaji umbali wa kukimbia.

Hapa ndipo daftari linapoanza kazi. Simamisha picha Webb anapotoa maelezo, uandike maneno yake jinsi yalivyotoka, pamoja na dakika. Kosa la wengi ni kuandika "alipewa maelezo mabaya". Ukishaandika hivyo umetoa hukumu kabla ya ushahidi. Linalojulikana ni kwamba River anajua alichosikia na Webb anajua alichosema. Mambo hayo mawili hayalingani, na kila mmoja wao ana sababu ya kutetea lake. Hiyo ni mistari miwili ya daftari, na msimu mzima unaipigania.

Aya mbili zinazofuata zinamwaga mtama wa msimu wa kwanza. Ambaye hajautazama aziruke.

Hassan Ahmed, mwanafunzi anayependa kuchekesha watu jukwaani, anatekwa na wabaguzi wanaotishia kumkata kichwa mbele ya kamera. Kitabuni tunakaa ndani ya kichwa chake, gizani, mawazo yakizunguka na mizaha ikimjia bila ya mtu wa kumchekea. Runinga haina mlango wa kuingilia kichwani, hivyo anapewa mtu wa kusema naye, na hofu inabadilika sura: ya kitabuni ni ya upweke, ya runingani ni ya mazungumzo. Faida yake ni kwamba mtazamaji anaanza kuwatenganisha watekaji mmoja mmoja, jambo la lazima, kwani mmoja wao ni mtu wa idara. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo zimevaliwa na pande zote mbili. Taverner ndiye aliyeupanga mchezo: kijana atekwe, idara imwokoe, sifa zimiminike.

Jaza safu zako hapo. Hassan hajui lolote. Watekaji wanajua wanachotaka, hawajui nani yuko kati yao. Mtu wa idara anajua mpango wote ila hajui kama wenzake wameanza kumshuku. Taverner anajua kila kitu, mpaka mtu wake anapouawa. Tangu saa hiyo hajui kijana alipo, na ndipo Slough House inapokuwa na thamani kwake, kama mahali pa kutua lawama. Lamb hajui, kisha anajua, kwa kumbana Taverner. Mtazamaji anayedhani hadithi hii ni ya kumtafuta Hassan pekee ataona vikao vyao kwenye benchi kando ya mfereji vinachelewesha mambo. Mwenye daftari ataona kila kikao kimehamisha siri moja kutoka safu hii kwenda ile. Vikao hivyo ndivyo injini ya msimu, na mtu akisema "hakuna kilichotokea" muulize kabla ya kikao Lamb alijua nini, na baada yake anajua nini.

Daftari hili hufaa tamthilia nyingine pia. The Night Manager ya John le Carré ni riwaya ya 1993, iliyoandikwa Vita Baridi ikiwa imeisha juzi. BBC ilipoitengeneza mwaka wa 2016 kwa sehemu 6, hadithi ililetwa hadi Misri ya mapinduzi ya 2011, Burr, msimamizi wa jasusi, ambaye kitabuni ni mwanamume akawa Angela Burr, naye Olivia Colman akamwigiza akiwa mjamzito kweli. Mwisho pia ulibadilishwa. Kwa hiyo aliyesoma haharibiwi utamu wa sehemu ya sita, ila asiwaambie wenzake kwamba anajua itakavyoisha, maana hajui. Tinker Tailor Soldier Spy, riwaya ya 1974, ina toleo la BBC la 1979 lenye sehemu 7, Alec Guinness akiwa Smiley, jasusi anayemsaka msaliti ndani ya idara, na filamu ya 2011 ya saa mbili hivi ambamo Smiley ni huyu huyu Gary Oldman. Kitabuni jasusi mwenzake, Jim Prideaux, anapigwa risasi Chekoslovakia. Kwenye filamu ni Budapest. Ukiwa na saa mbili tu, washukiwa wanne wa usaliti hawapati muda wa kutosha kila mmoja, na mtazamaji hubahatisha kwa kuangalia mwigizaji gani ni maarufu zaidi. Huo ndio udhaifu wa filamu ambao sehemu 7 hazina. (The Constant Gardener ya 2005 inapendwa hapa kwa kuwa ilipigwa Kibera na hadi Loiyangalani, lakini ni filamu, na siri yake ni ya kampuni za dawa kuliko ya majasusi. Ipewe siku yake.)

Kutazama kwa kundi sasa. Watu 6 hadi 8 wanatosha. Wakizidi hapo, maswali yanakuwa mengi na picha inasimamishwa kila dakika. Sehemu mbili kwa kikao ni kipimo kizuri, karibu saa moja na nusu ya picha, hivyo msimu unaisha kwa vikao vitatu. Sehemu tatu kwa mkupuo huonekana kama faida, lakini kufikia ya tatu hakuna anayekumbuka ya kwanza iliacha nani wapi, na mazungumzo yanageuka kuwa ya kumbukumbu badala ya ya hadithi.

Intaneti ipigieni hesabu mapema. Kwa picha ya HD tengeni gigabaiti 3 kwa saa. Msimu wa saa nne na nusu hivi ni gigabaiti 13 au 14, yaani 4 na nusu kwa kikao. Anayetegemea bando la simu asiamini salio la jioni hiyo: ashushe sehemu hizo usiku wa kuamkia siku yenyewe, kisha ajaribu kuzirusha kwenye runinga kabla wageni hawajaketi, kwa sababu sehemu iliyoshushwa simuni wakati mwingine hukataa kuonekana kwenye skrini ya nje. Ukishindwa hapo, punguza ubora wa picha kuliko kukubali picha inayokwamakwama. Tukio la ujasusi likikatika katikati ya sentensi, ndiyo sentensi yenyewe iliyokuwa na siri.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi. Lamb hunong'ona na kukoroma, Taverner husema maneno makali kwa sauti ya chini, na spika za runinga nyembamba hutazama ukutani. Washeni maandishi ya chini ya Kiingereza hata kama nyote mnakijua vizuri, punguzeni besi, na kama runinga ina mpangilio wa kukuza maneno, uwekeni. Nyumba yenye paa la mabati wakati wa mvua haifai kabisa, ahirisheni. Mchana, funikeni dirisha kwa pazia zito, kwa maana ofisi za Slough House zimepigwa picha katika giza la kahawia, na mwanga ukiingia chumbani hamtaona mtu akificha bahasha.

Halafu kuna kumwaga mtama, ugonjwa unaoua makundi haya. Watu wengi hudhani mtama humwagwa kwa kusema fulani atakufa. Humwagwa kwa vitu vidogo zaidi. "Ngoja utaona" ni mtama: umeshasema kuna kitu cha kuonwa. "Huyo usimzoee" ni mtama wa gunia zima. Kicheko cha aliyesoma, pale mhusika fulani anapoingia, ni mtama. Hata kunyamaza ni mtama, ikiwa kwa maswali mengine alikuwa anajibu. Sheria inayofanya kazi ni hii: waliosoma wanaruhusiwa kuuliza, hawaruhusiwi kujibu. Mtu akiuliza "Kwa nini Catherine bado anafanya kazi kwa Lamb?", aliyesoma anaweza kurudisha, "Umemwona akimwogopa?" na kuishia hapo. Nje ya hapo, kila mmoja aandike utabiri wake kwenye karatasi, karatasi zitiwe kwenye mkebe, mkebe ufunguliwe baada ya sehemu ya sita. Aliyesoma naye aandike, aweke wake uliokunjwa kama wengine, ili asijulikane kwa kukaa pembeni.

Simu ziwe mbali. Mtu akiona sura anayoifahamu hukimbilia kutafuta jina la mwigizaji, na orodha za waigizaji mtandaoni huonyesha kila mmoja ametokea katika sehemu ngapi. Ukiona mhusika mkuu ana sehemu chache kuliko wenzake, umeshajua anaishia wapi. Vivyo hivyo, sehemu ya mwisho ya msimu huweza kufuatwa na vionjo vya msimu ujao, na humo utawaona waliosalia hai. Zimeni pale majina yanapoanza kupita. Misimu ya karibuni imekuwa ikitoka sehemu moja kila Jumatano. Kundi linalokutana Jumapili lina siku nne za hatari kwenye WhatsApp, kwa hiyo mkubaliane mapema kama yeyote anaweza kutangulia. Naona heri asitangulie mtu.

Je, usome kwanza au utazame kwanza? Kwa Slow Horses ningetazama kwanza, kisha nisome ndani ya mwezi. Uzuri wa Herron uko katika sauti ya msimulizi, na hiyo haipotei hata ukijua kisa. Mwanzoni mwa kitabu cha kwanza anampandisha abiria wa kufikirika ghorofa ya juu ya basi ili achungulie madirisha ya Slough House. Katika Dead Lions anamtumia paka, aingie chumba kimoja kimoja na kumwona kila mfanyakazi na aibu yake. Runinga haiwezi kumtumia paka kwa namna hiyo bila kuonekana ya watoto. Ukitazama kwanza, paka huyo atakuwa zawadi. Ukisoma kwanza, utamngoja na hatakuja. Kwa le Carré fuata kinyume: soma kwanza, polepole, kwa maana sentensi zake huficha mambo ambayo sura ya mwigizaji huyatoa nje mapema.

Vitabu hupatikana kwenye maduka ya jiji, na mwenye subira atavikuta kwa wauzaji wa inama wanaovitandaza kando ya njia, ingawa mara nyingi utapata cha tatu kabla ya cha kwanza. Usianze na cha tatu. Jalada lenye picha za waigizaji lisikutie wasiwasi, maandishi ya ndani ni yale yale. Kati ya riwaya kuna hadithi fupi za ulimwengu huo huo, The List, The Drop na The Catch, zinaweza kungoja.

Lisilongoja ni msimu wa sita, maana huo umetangazwa kuchanganya riwaya mbili, Joe Country (2019) na Slough House (2021). Hapo safu tatu za daftari hazitatosha. Ongeza ya nne ya kuandika siri imetoka kitabu kipi. Vitabu hivyo viwili kwa pamoja ni zaidi ya kurasa 600, na ukisoma kurasa 20 kwa siku, kwenye matatu asubuhi na jioni, ni mwezi mmoja na siku chache.